Kabla Tonge Halijakwama

Baba yangu mkubwa alianza kwa kuzilaumu ndizi. Tulikuwa Rombo, Kilimanjaro, mwezi wa saba, baridi imeshuka mpaka milangoni, na mama mkubwa alikuwa ameandaa kiburu, chakula chetu cha ndizi. Baba mkubwa akameza tonge la kwanza, akatulia, akajigusa chini ya shingo. "Ndizi za siku hizi kavu, mwanangu," akaniambia. "Zinashika." Mama mkubwa akaenda jikoni akaongeza mchuzi.

Wiki chache baadaye kiburu kikaachwa, ukawa mtori. Mtori nao ukawa mzito, ukaja uji. Ila kilichonikaa kichwani mpaka leo ni glasi ya maji. Mzee yule hakuwa na desturi ya kunywa maji wakati wa kula. Kwake maji yalikuja baada ya kunawa mikono. Sasa glasi ilikaa kando ya sahani, na kila tonge lilifuatwa na funda moja la kulisukuma. Tuliiona glasi ile kila siku kwa zaidi ya miezi miwili, na hakuna aliyejiuliza imefika pale kwa nini.

Kwenye kituo cha afya alipewa dawa za vidonda vya tumbo. Aliporudi mara ya pili alipewa nyingine kali zaidi. Ndugu mmoja akashauri akatwe kimeo, na akakatwa. Majirani wakanong'ona kwamba kalishwa kitu. Alipofika hospitali kubwa na kuingizwa ule mpira wenye kamera, alikuwa anatembea na kopo la maziwa ya unga la kutemea mate, kwa sababu hata mate yake mwenyewe hayakupita tena. Daktari aliweka stenti, kijibomba cha waya kinachofungua njia, ili apate kunywa. Alikunywa uji kwa miezi minne. Tukamzika kihambani, shambani kwake nyumbani.

Nimeanza na habari hii kwa sababu mwaka hadi mwaka nasoma kuhusu kipimo kipya cha damu kinachotafuta saratani ya umio, na kila nikisoma naiona ile glasi. Nataka kipimo hicho kije. Nataka pia tusidanganyike juu ya kitu gani hasa kinakuja, kwa sababu jinsi kinavyozungumzwa sasa, kinaweza kutufikia kikiwa bidhaa ya kuuzwa kwa watu wenye hofu, huku wazee wetu wakiendelea kutemea kwenye makopo.

Kwanza tuelewe kwa nini ugonjwa huu hujificha. Umio ni mrija wa nyama wenye urefu wa takriban sentimita 25, na unatanuka. Uvimbe unaweza kuota ndani yake, ukaula ukuta wake, na mtu akaendelea kula pilau kama kawaida. Hadi tonge linapokwama, njia imekwisha kuziba kwa sehemu kubwa. Ubaya mwingine ni kwamba umio hauna lile ganda la nje linalofunika sehemu kubwa ya utumbo. Saratani ikishapenya ukuta, majirani zake ni koo la hewa, mshipa mkuu wa damu na tezi za kifuani, na hakuna kizuizi cha maana katikati. Ndiyo maana wagonjwa wetu wengi hukutana na daktari wa upasuaji wakati ambapo hana tena cha kupasua.

Mwaka 2022 duniani kote waliogunduliwa kuwa na saratani hii walikadiriwa kufikia 511,000, na waliofariki 445,000. Namba hizo mbili zimekaribiana mno, na huo ukaribu unaeleza kila kitu. Nasi tupo katikati ya janga hilo. Kuna ukanda unaoanzia Ethiopia, ukashuka Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio hushambulia watu kwa wingi usiolingana na sehemu nyingine za bara. Malawi imo miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu kabisa duniani. Katika hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet nchini Kenya, madaktari wamewahi kuupokea ugonjwa huu kwa vijana ambao hawajatimiza hata miaka 30. Ukanda mwingine wa namna hiyo unatoka kaskazini mwa Iran, unapita Asia ya Kati na kuishia China. Aina inayotawala kwenye kanda zote mbili ni ile inayoanzia kwenye seli bapa za utando wa ndani wa umio, tofauti na ile inayoongezeka Ulaya na Marekani, ambayo inahusishwa na unene na kiungulia cha muda mrefu.

Wapo watakaosema tuache chai ya moto, mambo yaishe. Wana sehemu ya ukweli. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 uliwapima watu wakiwa wanakunywa, na funda la kwanza lilikuwa na wastani wa nyuzi 70.6. Wa chai ya maziwa walikunywa ya moto zaidi kuliko wa chai ya rangi, hasa kwa kuwa chai ya rangi hupoa haraka zaidi. Naijua chai hiyo; nimelelewa nayo. Lakini iko pia tumbaku, iko pombe kali ya kienyeji, uko moshi wa jikoni, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoeleza peke yake kwa nini ukanda huu upo. Isitoshe, mtu aliyekunywa chai ya moto miaka 40, ukimwambia leo aipoze, bado tunadaiwa jibu la swali moja: ndani ya umio wake kukoje sasa hivi?

Swali hilo lina majibu, na yalipatikana hapa kwetu. Huko Bomet watafiti waliwachukua wanakijiji zaidi ya 300 wasio na dalili yoyote, watu wanaolima na kula vizuri, wakawapitishia kamera na kunyunyizia maji ya iodini ndani ya umio. Utando wenye afya hunywa iodini na kuwa wa rangi ya kahawia, kwa sababu seli zake zina akiba ya sukari. Seli zinazoanza kuharibika zimeipoteza akiba hiyo, kwa hiyo mahali pake hubaki peupe, kama doa kwenye ukuta uliorukwa na mpaka rangi. Utafiti ule, uliochapishwa mwaka 2016, uliyakuta mabadiliko ya awali kwa asilimia 14.4 ya watu hao. Hiyo ni karibu mtu mmoja kati ya saba. Si wote ambao wangepata saratani, lakini saratani itakapokuja itatoka miongoni mwao.

Na kuwahi kunaokoa. Katika wilaya ya Cixian nchini China, watu wa umri wa miaka 40 hadi 69 walichunguzwa kwa kamera na iodini mara moja tu, na waliokutwa na tatizo wakatibiwa. Baada ya miaka kumi, vifo vya saratani ya umio vilikuwa vimepungua kwa karibu theluthi moja vikilinganishwa na vijiji ambavyo havikuchunguzwa. Kidonda ambacho bado kiko kwenye utando wa juu kinaweza kuondolewa kwa kamera ile ile, bila kufungua kifua cha mtu.

Basi kwa nini tusiwapitishie kamera watu wazima wote wa Rombo, Bomet na Blantyre nchini Malawi? Kwa sababu kamera ni chache, wanaojua kuzitumia ni wachache zaidi, na mtu anayejisikia mzima hapandi basi kwa saa tano kwenda kumezeshwa mpira. Hapo ndipo damu inapoingia.

Kitu kinachotafutwa katika damu hiyo kinaitwa maikro-RNA. Kiligunduliwa kwa mnyoo. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, Wamarekani wawili waliokuwa wakichunguza mnyoo wa urefu wa milimita moja, walikuta kipande kidogo mno cha RNA ambacho hakitengenezi protini yoyote, bali kinaizuia jeni nyingine isitengeneze ya kwake. Kwa miaka saba hivi wengi walidhani ni jambo la minyoo. Ilipobainika kwamba wanyama wengi wanavyo vipande hivyo, binadamu akiwamo, hesabu ikabadilika. Mwaka 2024 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kazi yake ni hii. Chukulia DNA kuwa daftari kuu linalofungiwa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Halitolewi nje. Anayehitaji somo hupewa nakala, yaani RNA, na nakala hiyo ndiyo inayopelekwa darasani kufanyiwa kazi. Maikro-RNA ni mtu anayesimama mlangoni: akiiona nakala yenye maneno anayoyatambua, huikamata, nayo haisomwi au huchanwa. Nakala ya kawaida ina maelfu ya herufi. Mlinzi huyu ana herufi kama 22 tu. Mwilini mwetu zimeorodheshwa aina zaidi ya 2,000. Seli inapogeuka kuwa ya saratani, walinzi wanavurugika: wengine wanaongezeka kupita kiasi, wengine wanatoweka, na nakala ambazo hazikupaswa kusomwa zinasomwa usiku na mchana.

Jambo lililowashangaza wengi lilionekana mwaka 2008, pale makundi kadhaa ya watafiti yalipoonyesha kwamba vipande hivi vinazunguka kwenye damu na haviozi upesi. RNA ya kawaida ikimwagika kwenye damu huliwa na vimeng'enya ndani ya muda mfupi. Hizi hudumu, kwa kuwa nyingine zimefungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta vinavyotoka kwenye seli, na nyingine zimekumbatiwa na protini. Maana yake, kitu kinachotokea ndani ya umio wa mtu kinaweza kuacha alama kwenye kichupa cha damu iliyochotwa mkononi. Ndugu msomaji, hilo si jambo dogo.

Mwaka 2010 watafiti wa China walitangaza kundi la maikro-RNA saba za kwenye damu zilizowatenganisha wagonjwa wa saratani ya umio na watu wenye afya. Mwaka 2019 Wajapani walichapisha kazi kubwa zaidi: damu ya wagonjwa 566 na ya watu 4,965 wasio na saratani. Kwa kupima maikro-RNA sita waliwatambua wagonjwa 96 katika kila 100, na kati ya wasio na saratani waliwaachia huru 98 katika kila 100. Walihusisha hata wagonjwa wa hatua za mwanzo. Nilipozisoma namba hizo mara ya kwanza nilihesabu miezi nyuma, nikajiuliza kama damu ya baba mkubwa ingesema kitu wakati ule wa kiburu.

Halafu nikaziweka orodha mbili hizo kando kwa kando, ile ya saba na ile ya sita. Hakuna jina hata moja linalojirudia.

Naomba tukae hapa kidogo. Haimaanishi kwamba mmoja wao alidanganya. Mashine zilikuwa tofauti, njia za kukokotoa zilikuwa tofauti, watu walikuwa tofauti. Lakini kama saratani ya aina moja, kwa mataifa mawili yanayopakana kwa bahari, imetoa orodha mbili zisizokutana hata mahali pamoja, nani ana ujasiri wa kuichukua mojawapo na kuileta Kilimanjaro kama ilivyo? Na zipo maikro-RNA, kama ile namba 21, ambazo hupanda katika saratani nyingi. Ukiiona imepanda unajua kuna moto, hujui ni chumba gani kinaungua.

Damu yetu nayo ina mambo yake. Kichupa cha damu kikishazungushwa kwenye mashine, juu hubaki maji ya rangi ya manjano hafifu. Hayo ndiyo yanayopimwa. Yakitoka na rangi ya waridi, seli nyekundu zimepasuka na kumwaga maikro-RNA zao, na kipimo kimeharibika kabla hakijaanza. Seli hupasuka kwa sindano nyembamba, kwa kichupa kutikiswa kwenye bodaboda juu ya barabara ya mawe, kwa kukaa juani. Hupasuka pia ndani ya mwili wa mtu mwenye malaria, au mwenye selimundu. Mambo hayo hayakumsumbua mtafiti wa Tokyo. Sisi ndiyo maisha yetu ya kila siku, na kipimo ambacho hakijajaribiwa katikati yake hakijajaribiwa.

Iko hesabu moja ambayo ningependa kila mbunge aifanye kwa mkono wake. Tuchukue watu wazima 100,000 wa maeneo ya ukanda huu, na tuseme 50 kati yao wana saratani iliyojificha. Tuwapime kwa kipimo kizuri kama kile cha Japani. Tutawapata wagonjwa 48, na hao ni watu 48 wenye watoto na mashamba. Lakini wale wawili katika kila mia watakaosingiziwa, kati ya wazima 99,950, watakuwa kama 2,000. Kwa hiyo watu zaidi ya 2,000 wataambiwa damu yao ina dalili mbaya, na kati yao mwenye saratani atakuwa mmoja katika kila 43. Njia pekee ya kumjua ni nani ni kuwapitishia kamera wote.

Sasa fikiria kipimo hicho kimefika mjini kabla ya kamera. Kinauzwa kwenye maabara za mitaani, kimebandikwa tangazo dirishani. Mama wa miaka 50 anatoa pesa ya ada ya mtoto, anapimwa, anaambiwa "ipo". Aende wapi? Atauza ng'ombe kumtafuta daktari wa mkoa mwingine, au ataingia kwenye maombi, au atakaa kimya na kusubiri kufa kwa ugonjwa ambao pengine hana. Na yule aliyeambiwa "haipo" huku tonge linamkwama, atarudi nyumbani ametulia. Huo nauita ukatili, hata kama umekuja ndani ya boksi safi lenye maandishi ya kisayansi.

Ndiyo maana nasema kipimo cha damu na kamera ni kitu kimoja, na anayetaka kutuletea cha kwanza bila cha pili akataliwe na mamlaka zetu. Faida ya damu ni kupunguza foleni. Badala ya kuwapitishia kamera watu 100,000 unawapitishia 2,000, na kazi hiyo ya 2,000 inawezekana ikiwa tutawafundisha wauguzi na maofisa tabibu wa hospitali za wilaya kuifanya.

Upande wa maabara, nina matumaini kuliko wengi. Mashine za PCR, ambazo zinaweza kusoma maikro-RNA, si ngeni tena. Tumezitumia wakati wa Korona, na kazi ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI imetufundisha kusafirisha damu kutoka zahanati ya kijijini hadi maabara ya mkoa, na majibu kurudi. Nilishawahi kusikia kwamba haiwezekani. Imewezekana, na imewasaidia watu wengi kubaki hai.

Kinachokosekana ni damu yetu wenyewe kwenye majokofu. Watafiti wa IARC wameshafanya kazi na hospitali za Eldoret, Moshi na Blantyre kutafuta visababishi vya saratani hii, kwa hiyo watu na mazoea ya kazi vipo. Lakini damu ya mgonjwa ambaye koo limeshaziba haitoshi. Huyo ana njaa, amepungua kilo nyingi, mwili wake mzima umevurugika. Huenda kipimo kinachomtambua kinaitambua njaa yake. Damu inayohitajika ni ile iliyochotwa mtu akiwa bado anakula kiburu bila maji. Wairani walilifanya hilo katika jimbo la Golestan: kuanzia mwaka 2004 waliwaandikisha watu wapatao 50,000, wakachukua damu na kuihifadhi, kisha wakawafuatilia mwaka hadi mwaka. Anayeugua leo, damu yake ya wakati ule ipo. Ukanda wetu, wenye ugonjwa ule ule, unastahili hazina kama hiyo, ikiwa chini ya nchi zetu, kwa sheria zetu, ili siku dawa au kipimo kikitoka humo tusiende kukinunua kwa bei ya mgeni. Kenya, Tanzania na Malawi zikichanga pamoja, si mzigo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imewahi kukaa vikao kwa mambo madogo kuliko hili, na Malawi ialikwe hata kama si mwanachama.

Hayo yatachukua miaka, na wapo watu wanaokula chakula cha jioni leo ambao miaka hiyo hawanayo. Kwa ajili yao, angalia mezani kwako. Ukimwona mtu aliyevuka miaka 30 ameanza kusukuma kila tonge kwa maji, au ameacha ugali na kuhamia uji bila sababu, usikubali apewe dawa za vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani. Usimpeleke kukatwa kimeo. Mchukue wiki hiyo hiyo hadi hospitali yenye kamera, na umwambie daktari kwa maneno haya haya: chakula kinakwama.